Msiwanyang'anye wanafunzi kipindi chao cha Ijumaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua za wasomaji zikiwa ndefu mnazikata ila hii naomba msiikate sana maana jambo lenyewe haliishi kwa mistari miwili. Mimi ni mwalimu wa Historia kwenye sekondari moja ya serikali hapa Dar, upande wa Temeke, jina la shule naliacha. Nachoandikia ni hivi: tangu mwezi wa pili kuna maneno yanaendelea kati ya walimu na wazazi kuhusu kipindi tulichokianzisha Ijumaa, kile ambacho wanafunzi wa kidato cha tatu wanasimama mbele ya wenzao mmoja mmoja, kila mtu anamwelezea mtu mweusi aliyemgusa, awe wa hapa au wa mbali, halafu wenzake wanamuuliza maswali. Basi wapo wanaotaka kifutwe. Wana sababu mbili, ya kwanza eti hakina maksi, Necta hawaulizi hayo, na ya pili, hii ndo imenifanya nikae chini niandike, mzazi mmoja alisema kwenye kikao mbele ya watu wote kwamba huo mwezi wa historia ya watu weusi ni mambo ya Wamarekani, sisi hapa wote ni weusi, sasa tunamkumbusha nani?

Mzazi yule simlaumu kwa kuuliza. Ni swali la maana na jibu lake lipo.

Aliyeuanzisha huo mwezi wa historia ya watu weusi anaitwa Carter G. Woodson, kazaliwa 1875 Virginia, wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya utumwa kukomeshwa kule. Alifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe, sekondari akaianza akiwa na miaka kama 20 hivi, na mwaka 1912 akapata udaktari wa historia Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1926 akaanzisha wiki moja tu, ya mwezi wa pili, wiki ambayo ina siku za kuzaliwa za Rais Abraham Lincoln na Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akaja kupigania utumwa ukomeshwe, na ilipofika 1976 ndo wiki ikawa mwezi mzima. Uingereza wao wanafanya Oktoba, tangu 1987. Sasa Woodson ugomvi wake ulikuwa na nini? Na vitabu vya shule. Watoto weusi wa kule walikuwa wanafungua kitabu hawamkuti mtu kama wao, na wakimkuta ni mtumwa basi, hana jina, hana alichofanya. Wazee wetu waliosoma kabla ya 1961 wanalijua hilo vizuri, waulizeni walikaririshwa wafalme gani. Kwahiyo ugonjwa ulikuwa mmoja, huku na kule, na dawa aliyoitafuta Woodson sioni kwa nini sisi tuikatae kwa sababu tu ya alikotoka mganga.

Na niseme kitu kimoja hapo hapo. Darasani kwangu kuna binti ambaye alichelewa shule kwa mambo ya nyumbani, ni mkubwa kuliko wenzake, huwa anakaa pembeni na kuongea ni kwa nadra sana. Nilipotaja kwamba Woodson alianza sekondari na miaka 20 alinifuata kipindi kilipoisha akasema, "Sir, huyo naomba nimwelezee mimi." Akamwelezea. Dakika kumi na kitu bila kushika karatasi.

Halafu hili la kusema ni mambo ya Wamarekani, jamani, hawa watu walikuja hapa hapa! Malcolm X, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 akaonana na Mwalimu Nyerere. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, kafundisha Mlimani, kitabu chake kikubwa cha 1972, How Europe Underdeveloped Africa, kilizaliwa pale pale kwenye mihadhara na mabishano na wanafunzi wetu. Mwaka 1974 watu weusi wa dunia nzima walikutana hapo Chuo Kikuu, Nkrumah Hall, kwenye Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake yalikuwa hapa tangu 1963, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilizaliwa hapa 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane akauawa hapa hapa Dar tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Na yupo mwingine ambaye wengi hawamjui kabisa na mimi ndo huwa namtaja nikiambiwa Wamarekani hawatuhusu, Bob Moses. Huyu alikuwa mstari wa mbele kule Mississippi kuwaandikisha weusi wapige kura, alipigwa, alifungwa, halafu 1969 akaja Tanzania na mke wake, akafundisha hesabu sekondari kule Same, Kilimanjaro, mpaka 1976. Fikiria hilo, kuna watu wazima sasa hivi huko Upareni walifundishwa hesabu na mtu ambaye kwao yumo kwenye vitabu vya historia. Aliporudi Marekani akaanzisha mradi wa kuwafundisha aljebra watoto wa familia masikini, maana aliona mtoto asiyejua hesabu amefungiwa mlango kama aliyenyimwa kura. Tena ni mwalimu, chaki mkononi. Sasa huyo tumwache kwa sababu ni Mmarekani?

Kingine ni haya majina tunayopita nayo kila siku. Wanafunzi wangu wanakuja na daladala za Mandela Road, wengine wanashuka Buguruni wanaunganisha, Jumamosi wakienda Posta wanapita Bibi Titi, Samora, Nkrumah, Lumumba, Azikiwe, Sokoine. Niliwauliza Sam Nujoma ni nani, sauti za kwanza zilizotoka zikasema ni barabara ya kwenda Mwenge. Sikuwacheka wala sikuwagombeza, maana nani aliwaambia? Kibao kimeandikwa jina tu. Hamna hata mstari mmoja unaosema kwamba huyu baba alikimbia nchi yake, akaishi na kuendesha SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, akiwa mji huu huu, akaja kuwa rais wa kwanza wa Namibia 1990. Basi Ijumaa iliyofuata vijana wawili walijigawia hiyo barabara, mmoja akamleta Nujoma mwenyewe, mwingine akaleta Namibia ilikuwaje mpaka watu wakakimbilia huku. Bila kuambiwa na mtu.

Sasa nije kwenye ile ya maksi, na hapa naomba nimtumie Erasto Mpemba, maana bila yeye hoja yangu haikamiliki.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu, darasa lile lile la hawa wangu, Magamba Sekondari kule Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe ndo unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, mwenzake kaweka maziwa ambayo hakuchemsha, na Mpemba akiona nafasi inaisha akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi kwenda kuangalia, ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni uji uji. Akaenda kwa mwalimu wa Fizikia kuuliza imekuwaje, mwalimu akamwambia umechanganya mambo, haiwezekani. Akanyamaza ila hakusahau. Baadaye akakuta wauza aiskrimu wa Tanga nao wanaweka maziwa ya moto, wanasema yanaganda haraka! Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu wa pale akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia. Ikawa ndo jina, akikosea hesabu darasa zima linasema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza maswali, Mpemba akasimama akauliza lile lile, wenzake wakacheka, wengine wakaona anatia shule aibu. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akalijaribu maabara, na mwaka 1969 majina mawili, Mpemba na Osborne, yakatoka pamoja kwenye jarida la kufundishia fizikia huko Uingereza. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la yule kijana, na wanasayansi mpaka saivi wanabishana linatokeaje, wapo hata wanaosema halitokei kila mara, na hiyo ndo raha yake, swali la mtoto wa fom thrii limewaweka maprofesa mezani zaidi ya miaka 50.

Hii habari aliileta kijana mmoja wa nyuma kabisa, hao wanaoitwa bakibencha, mama yake anauza barafu za ubuyu na ukwaju mtaani kwao. Alikuwa kaisikia kwa mtu akaja kuniuliza ni kweli au ni stori za vijiweni, nikamwambia kweli, nikampa nilichokuwa nacho akaenda kusoma. Siku yake alikuja na vikombe viwili vya plastiki akaeleza friji ya nyumbani kwao inavyogandisha, na darasa lilikuwa kimya kabisa. Halafu swali la kwanza kutoka kwa wenzake lilikuwa, "Yule mwalimu aliyemcheka alikuja kumuomba msamaha?" Hilo swali mimi bado ninalo kichwani. Maana pale walikuwa hawaongelei Magamba wala Mkwawa, walikuwa wanatuongelea sisi. Darasa la watoto zaidi ya sitini, kipindi dakika 40, silabasi inakimbizana na mtihani, mtoto akiuliza kitu kisichokuwa kwenye notisi tunamwambia kaa chini tuendelee. Sasa huyu anayesema kipindi cha Ijumaa hakina maksi namuuliza, swali la Mpemba lilikuwa na maksi?

Tangu siku hiyo mwalimu wa Fizikia hapa shuleni ananiambia yule kijana sasa ananyoosha mkono. Anakosea sana tu, lakini ananyoosha.

Kuna Ijumaa nyingine nayo naiona kama leo. Kijana mmoja kamleta Claudette Colvin. Watu wazima wengi tunamjua Rosa Parks, aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi mjini Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955. Colvin alifanya hivyo hivyo tarehe 2 Machi mwaka ule ule, miezi tisa kabla, na alikuwa mwanafunzi wa sekondari, miaka 15, katoka shule na vitabu vyake. Polisi wakampandia kwenye basi wakamtoa. Na alikuja kusema mwenyewe kwamba shuleni walikuwa wametoka kusoma historia ya watu weusi, kwahiyo pale kwenye kiti alihisi kama Harriet Tubman kamkandamiza bega moja na Sojourner Truth bega la pili, wanawake weusi wawili waliotoka utumwani wakapigana nao. Wewe mzazi unayesema kipindi hiki hakina faida hebu isome tena hiyo sentensi. Binti wa miaka 15, majina aliyoyasikia darasani ndo yaliyomkalisha.

Unajua darasa la Dar lilifanya nini na habari hiyo? Wakaileta kwenye daladala papo hapo. Kijana akasema na sisi tunanyanyuliwa kila siku, konda anasema wanafunzi simameni mpishe wakubwa, na kituoni wanatuacha kwa sababu tunalipa mia mbili. Pakawaka. Robo saa nzima watu wanabishana, mimi nimekaa kwenye dawati la pembeni. Binti mmoja akasimama akasema kumpisha mzee au mama mwenye mtoto ni heshima na mimi nitampisha bila hata kuambiwa, kule bibi kizee mweusi alikuwa anamnyanyukia kijana mzungu kwa sababu ya rangi na ilikuwa sheria, hivyo siyo vitu vya kulinganisha. Mwingine akasema sawa hilo la kupisha, lakini konda kumwacha mtoto kituoni saa kumi na mbili asubuhi mvua inanyesha nalo ni heshima? Wakakubaliana kwamba ni mambo mawili tofauti, na hilo la pili wakaamua kuliandikia barua mamlaka inayosimamia usafiri, barua wameandika wenyewe, imesainiwa na darasa zima. Sijawahi kufundisha uraia nikapata kitu kama hicho.

Na halikuishia hapo. Kuna mmoja akauliza kama Colvin alitangulia kwa nini dunia inamjua Parks. Nikawaambia ukweli, kwamba viongozi wa wakati ule waliona ni mdogo mno, familia yake masikini, na baadaye akapata ujauzito, wakaogopa watu watamsema yeye badala ya kusema sheria. Darasa likatulia. Maana hilo wanalijua, wana dada zao, wana majirani. Kwenye shule zetu za serikali ilikuwa binti akipata mimba shule basi, mpaka Novemba 2021 ndo ikatangazwa anaruhusiwa kurudi. Halafu nikawaongezea kwamba Colvin hakupotea, kesi iliyofika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na kuua ule ubaguzi wa kwenye mabasi mwaka 1956, yeye alikuwa mmoja wa akina mama wanne walioifungua. Yule binti niliyemtaja kule juu, aliyechelewa shule, aliandika hilo kwenye daftari lake nikamwona.

Sasa Bibi Titi Mohamed. Huyu naomba nimseme taratibu maana ndiye aliyeleta mvutano hata stafu rumu. Binti aliyemchagua siku ya kwanza alikuja na desa, karatasi zilizoprintiwa steshenari, Kiingereza kigumu, anasoma neno kwa neno na hajui anachosoma. Nikamrudisha, nikamwambia nyumbani kwenu nani mkubwa? Akasema bibi, yuko Ilala. Nenda kamuulize bibi. Alirudi mtu mwingine kabisa huyo mtoto. Bibi kamsimulia jinsi wanawake wa ngoma walivyokuwa wanapeana habari kwenye shughuli, kamweleza Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma hapa mjini kabla ya siasa, hakusoma darasa nyingi, lakini 1955 TANU ilipotaka wanawake ye ndo aliyewafuata kwenye vikundi vyao vya lelemama, na wanawake wakaingia chamani kwa wingi uliowashangaza hata wanaume wenyewe. Kamweleza na sauti yake, kwamba akisimama jukwaani hata wa mwisho anamsikia. Binti anaeleza hivyo kwa Kiswahili cha bibi yake, na mikono, darasa zima linacheka na kuitikia.

Halafu likaja swali. Kama alikuwa shujaa kwa nini alifungwa? Ni kweli, 1969 alikamatwa kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali, akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Akaishi kimya miaka mingi, baadaye ndo akarudishiwa heshima, akafariki 2000, na barabara ina jina lake. Mwenzangu mmoja aliniambia hayo usiyaguse, watoto waambie alipigania uhuru inatosha. Mimi sikubali, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo Mhariri. Ukimpa mtoto shujaa asiyekuwa na kona umempa picha ya ukutani. Waliomfunga nao ni mashujaa wetu, Mwalimu ni shujaa wetu, na mtoto wa kidato cha tatu ana akili ya kutosha kushika hayo mawili kwa pamoja, nimewaona kwa macho yangu wakiyashika. Walibishana vizuri, bila matusi, wengine wakasema serikali changa ilikuwa na hofu baada ya yale maasi ya jeshi ya 1964, wengine wakasema mtu aliyeitumikia nchi vile alistahili kusikilizwa zaidi. Sikuwapa jibu la kukariri.

Na Mwalimu mwenyewe si alikuwa mwalimu wa Historia? Pale Pugu, sekondari ile ile ipo mpaka leo, watoto wa Gongo la Mboto wanaipita. 1955 akaacha kazi kwa ajili ya TANU. Wanafunzi walipojua kwamba alikuwa anasahihisha madaftari kama mimi walinitazama tofauti, hilo nalo nimelifurahia.

Wengine nawapitia haraka tu maana nafasi hamna. Kuna aliyemleta Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba aliyeenda Bombay 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na binti huyo akatuimbia. Kuna Wangari Maathai na miti yake na Nobel ya 2004. Kuna Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, Nobel ya fasihi 2021, ambaye nusu ya darasa walikuwa hawajawahi kumsikia. Kuna mwanariadha wetu John Stephen Akhwari, aliyeanguka kwenye marathoni ya Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, akafika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na hajaacha njiani. Filbert Bayi naye, rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, waliposikia dakika 3 na sekunde 32 wakataka wakapime uwanjani na wakapima kweli. Mchezaji mpira alikuja mmoja, na alielezewa vizuri, sina ugomvi na hilo. Mtoto achague mwenyewe, ukimchagulia atakusomea unachotaka kusikia.

Ninachokiogopa zaidi ya kufutwa ni kugeuzwa. Nimeshasikia wazo la kufanya siku kubwa, maturubai, mgeni rasmi, watoto wamevalishwa kama Mandela na Nyerere, kila mmoja anakariri mistari minne anapigiwa makofi anashuka. Hapana jamani. Mgeni rasmi haulizwi maswali na mtoto aliyekariri hawezi kuulizwa swali. Manila na makapeni si vibaya, ukutani kwangu zipo, ila kazi yote iko kwenye yale maswali baada ya mtoto kumaliza kuongea, hapo ndo anatetemeka, anafikiri, anasema hilo sijui nitaenda kutafuta, na wiki ijayo anakuja nalo.

Na lugha, iachwe iwe Kiswahili. Tunajua sheria ya sekondari, masomo ni kwa Kiingereza, na mimi Historia yangu ya kawaida nafundisha hivyo hivyo. Ila hawa watoto ukiwasimamisha kwa Kiingereza unapata sentensi mbili na kichwa kimeinama, siyo kwamba hawajui habari, wanaogopa kuchekwa. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili na linafundishwa kwa Kiswahili, kwahiyo mlango umeshafunguliwa, hatuvunji amri ya mtu.

Naomba basi mambo yafuatayo, na naomba kwa moyo wote. Wakuu wa shule za hapa Dar, mtupe hizo dakika 40 kwa wiki, msituwekee testi ya Hesabu juu yake. Wazazi, mtoto akija kukuuliza habari za zamani usimwambie nenda kagugo, kaa naye, hata kama unachokumbuka ni kidogo, na simu mpe nusu saa na bando la kusomea maana shuleni haruhusiwi kuja nayo. Wazee wa Ilala, Kariakoo, Magomeni, Temeke, mliokuwepo, mliomsikia Bibi Titi Mnazi Mmoja, mliowaona wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini wakipita mitaani kwenu, njooni madarasani, hata mkiwa na la robo saa tu, watoto watawauliza mpaka mchoke. Na wewe Mhariri, najua kwenye kabati zenu kuna magazeti ya miaka ya sitini na sabini ambayo mwanafunzi wa kawaida hawezi kuyafikia. Tukileta wanafunzi kumi kwa zamu, na mwalimu wao, siku mtakayopanga ninyi, mtatufungulia? Nasubiri jibu kwenye ukurasa huu huu, kuna kijana ameshachagua Mondlane na anatafuta gazeti la wiki ile ya Februari 1969.

Mwalimu wa Historia,
Temeke, Dar es Salaam